Mavuno ya Mwaka Ule Kibao Kilipoanguka

Jumatatu, 8 Septemba

Daftari hili kaninunulia mke wangu Arlene. Anasema mtu wa miaka sitini na moja mwenye presha asiongee kutwa nzima, basi yanayonizidi niyamwage humu. Karibu, daftari, umepata bwana! Mimi ni Wendell Buursma, mkulima wa matufaha hapa Michigan, shemasi wa kanisa letu, na kabla ya hapo dereva wa lori miaka ishirini na mbili. Majimbo arobaini na nane nimeyapita, na katika yote hayo sijaona mtu wa kurudisha tela kinyumenyume kunizidi mimi. Shule niliiacha darasa la kumi. Shule ilishukuru.

Leo tumeanza kuchuma. Miti imebeba hadi matawi yanaomba msaada. Mwaka huu ni mwaka!

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Nimekula nusu ya pai. Arlene anadai ni robo tatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo sina mzaha mwingi.

Nilipeleka matufaha ya kukamua kinuni kwa Leanne. Leanne Hoeksema ni binti wa marehemu Pete, aliyekuwa mwenzangu kwenye lori, aliyelala kiti cha pili mimi nikiendesha, nami nikalala yeye akiendesha. Pete alipofariki, kinu cha juisi kikabaki kwa Leanne. Huyu mtoto nilimfundisha trekta akiwa na miaka tisa. Kanisani alikaa safu ya mbele yetu, na kila mahubiri yalipoanza Arlene alimpitishia peremende ya mnanaa juu ya bega, kama ilivyo desturi yetu. Kisha akaenda chuo, akarudi na mchumba, msichana aitwaye Paige, na safu ile ikabaki wazi.

Aliizima mashine. Akafuta mikono.

"Mjomba Wendell, tarehe ishirini na tano Oktoba mimi na Paige tunafunga ndoa. Hapahapa kinuni."

"Nimesikia. Mji huu una masikio mengi kuliko matufaha."

"Baba hayupo. Nataka wewe ndiye unishike mkono, unitembeze hadi mbele."

Nilivua kofia, nikaigeuzageuza mikononi. Kisha nikamwambia ukweli: ninaamini ndoa aliiweka Mungu, mume na mke, na siwezi kusimama mbele za watu nikaibariki nyingine. Nikamwambia ninampenda kama nilivyompenda alipokuwa na miaka tisa, na kwamba yote mawili ni kweli, na kwamba yanauma yakikaa kifua kimoja.

"Nilijua utakataa," akasema. "Lakini nisingekuuliza, ningejuta." Akawasha mashine. Akanipa galoni ya juisi bure, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumapili, 14 Septemba

Habari za harusi zimefika kanisani kabla yangu. Gordon Wierenga, mzee wa kanisa, fundi mbao, mtu mwenye sauti ya kufungulia makopo, ametaka kibao chetu cha barabarani, mbele ya kanisa, kiseme. Nacho sasa kinasema: NDOA NI MUME MMOJA NA MKE MMOJA. MUNGU HABADILIKI. Herufi za plastiki nimezipanga mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye shemasi wa herufi. Zimenyooka kama askari!

Maneno nayakubali. Ila nilipokuwa kwenye ngazi nilitambua kwamba Leanne akienda dukani hana njia nyingine ila hii.

Ijumaa, 19 Septemba

Jua. Makreti thelathini na moja. Mgongo wangu unadai haki zake.

Jumapili, 28 Septemba

Daftari, haya ni ya wewe na mimi.

Watu wetu hawafanyi kazi siku ya Bwana. Marehemu bibi yangu alimenya viazi vya Jumapili siku ya Jumamosi. Mtu akianika shati Jumapili, kufikia chai ya saa nne mchungaji anajua rangi yake. Sasa jana jioni tairi la trekta lilipasuka, nikaacha makreti manne ya matufaha ya juisi kwenye shamba la ng'ambo, lile linalotazamana na kanisa. Redio ikasema mvua ya mawe inakuja asubuhi. Nifanye nini? Mungu alisema ng'ombe akitumbukia shimoni Jumapili mtoe. Hakutaja makreti, lakini nadhani ni kwa kukosa nafasi tu.

Basi alfajiri, kabla hata jogoo hajakohoa, tairi nimekwisha kulibadilisha usiku, nimeenda na trekta na tela, taa zimezimwa, ukungu mzito kama uji. Njia ya shamba ilikuwa tope, nikageuzia uwanja wa kanisa, kinyumenyume, gizani, kwa kipaji nilichopewa. Kreti moja liligonga kidogo nyuma, matufaha yakacheza. Nikafika ghalani salama. Hakuna aliyeniona. Bingwa!

Haya, sasa msisimko wenyewe: saa tatu unusu tunafika ibadani, kibao chini! Nguzo imevunjika mzizini, kioo vipandevipande, herufi zimetapakaa, na mbili hazipo kabisa, M moja na K moja. Mvua ilikuwa imeosha kila alama. Gordon alisimama juu ya vile vioo kama nabii.

"Wamekuja," akasema. "Nilijua watakuja. Herufi wamebeba kama nyara!"

Kina mama walilia. Mchungaji Ritsema, ambaye bado kijana na hujikwaa maneno akisisimka, alisoma Neno kuhusu walioudhiwa kwa ajili ya haki, na kwa kweli mwili ulinisisimka mpaka kwenye soli. Sisi! Hapa kwenye barabara ya mahindi! Tumeteswa!

Jumatatu, 29 Septemba

Polisi mmoja alikuja kanisani kuandika. Gordon akamwambia kwamba Leanne alionekana Jumamosi jioni amesimamisha pikapu, anapiga picha kibao.

"Kuna yeyote aliyekuwa hapa Jumapili alfajiri?" polisi akauliza.

Daftari, nilikuwepo. Na sikumwona Leanne wala paka. Lakini nikisema nilikuwepo, swali la pili ni nilikuwa nafanya nini, na jibu lake lina magurudumu manne na makreti manne. Nikajisemea: labda walikuja baada yangu. Nikatafuna peremende.

Jumatano, 1 Oktoba

NIMETOKA GAZETINI! Picha yangu nimeshika herufi, uso wa huzuni, tumbo nimelivuta ndani. Chini yake wameandika: "Shemasi Buursma asema hatatishika." Kweli nilisema. Nilisema pia mambo mengine mazuri kuhusu Danieli na simba, hawakuyaweka. Arlene kakata picha, kaibandika kwenye friji, kisha kaitazama muda mrefu.

"Mbona hapa macho yako yanakimbia?" kaniuliza.

"Ni mwanga wa kamera."

"Mm," akasema. Mke wangu ana "mm" inayoweza kusimamisha treni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wakulima wa kanisa wamekubaliana: hakuna kupeleka matufaha kinuni kwa Leanne mpaka "ajieleze." Hao ni theluthi mbili ya wateja wake. Gordon alizunguka shamba kwa shamba. Nilimwambia, "Ndugu Gordon, polisi hawajamkuta na kosa." Akanitazama, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: macho yana maji.

"Wajukuu zangu watano, Wendell. Hata mmoja haji kanisani. Wananicheka mezani kwangu, nikiwa nakata nyama niliyonunua mimi. Angalau hiki kibao nimeona kwa macho nani adui."

Nikakubali pia. Makreti yangu manne yamebaki ghalani.

Jumapili, 5 Oktoba

Imetangazwa: tarehe kumi na tisa itakuwa Jumapili ya Wanaoteswa, na atakayetoa ushuhuda ni nani? Mimi! Nimeanza kuandaa hotuba, nina kurasa sita, na bado sijafika kwa simba.

Baada ya ibada nilikaa na Mama Halyna kwenye kahawa. Huyu ana miaka themanini na mitatu, alizaliwa Ukraine enzi za Wasovieti, na anaamini hakuna mtu Marekani anayejua kukanda unga wa pai. Nikamsomea kipande cha hotuba. Alisikiliza huku akifukua pai ya mtu kwa uma, anatafuta makosa.

"Walichukua nini?" akauliza.

"Kibao, Mama. Na herufi mbili."

"Na mchungaji?"

"Mchungaji yupo, yule pale anakula."

"Baba yangu walimchukua kwa sababu ya Biblia moja. Miaka saba. Aliporudi hakuwa na meno, mama akawa anamtafunia mkate." Akasukuma sahani. "Mafuta mengi. Nani kapika hii?"

"Lakini Mama, wewe unakubali ile ndoa?"

"Siikubali. Nilimwambia Leanne usoni, jikoni kwake, na akanikaribisha chai. Wewe umemwambia usoni, au umemwambia gazetini?"

"Nilimwambia usoni!"

"Basi hotuba ya nini?"

Nimefika nyumbani nimechoma ukurasa mmoja. Zimebaki tano.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua, mvua, mvua. Nimepita mbele ya kinu. Mashine kimya. Oktoba! Kinu kimya Oktoba ni sawa na kanisa kimya Krismasi.

Jumanne, 14 Oktoba

Arlene kanusa ghalani. "Yale makreti manne yanakwenda kuwa siki. Na yule mtoto anakwenda kufilisika siku kumi na moja kabla ya harusi yake. Utayapeleka au nitayapeleka mimi?"

"Nimekubaliana na ndugu."

"Mimi sikukubaliana na mtu."

Huyu mwanamke hawezi hata kurudisha gari la kawaida nyuma. Nikaona nikienda mwenyewe nitaokoa uzio.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nitaandika yote, daftari.

Nilifika kinuni saa mbili asubuhi. Leanne alikuwa peke yake. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Akasema tu, "Wa kwanza wiki hii, mjomba." Tukainamisha makreti kwenye birika la kuoshea, moja, la pili. Matufaha yakawa yanaelea, mekundu, mazuri, nami nikaanza kupata mdomo wangu. Nikawa namsimulia vile mimi na Pete tulivyokwama kwenye theluji Wyoming na mzigo wa vitunguu. Alikuwa anacheka! Kisha tukainamisha la tatu, akaingiza mkono majini kutoa jani.

Halikuwa jani. Lilikuwa M.

Kubwa, jeusi, la plastiki. Nyuma yake, taratibu kama bata, likaelea K.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiwiko chake. Ndani ya kichwa changu ule ukungu wa alfajiri ukafunguka: kreti lililogonga, matufaha yaliyocheza. Halikuwa kreti lililogonga kreti. Lilikuwa kreti limepiga kibao. Mimi! Bingwa wa majimbo arobaini na nane! Nimevunja kibao cha Mungu kwa tela, nikapigwa picha ya shujaa juu yake!

Leanne alitazama M, akanitazama mimi, akatazama tope kavu kwenye tela.

"Mjomba. Siku ile ilikuwa Jumapili."

"Ndiyo."

"Ulifanya kazi Jumapili."

"Mvua ya mawe ilikuwa inakuja!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika birika, mimi nikaanza pia kwa aibu, na katikati ya kicheko nikaona si kicheko tena, analia, mabega yanaruka kama alipokuwa mtoto.

"Polisi amekuja hapa mara mbili," akasema. "Mtu kampigia Paige simu shuleni anakofundisha, akamwita mhalifu. Nimeshindwa kulipa watu wangu. Nilikuwa nalala nikijiuliza labda kweli nilifanya kitu nikasahau. Na wewe ulikuwepo pale alfajiri, Mjomba Wendell. Ulijua sikuwepo. Hata kama hukujua ni wewe, hilo ulilijua."

Hakuna kitu nimewahi kugongwa nacho kama hicho, na nimewahi kugongwa na basi Nebraska.

Nikamwambia apige simu, kwa Gordon, kwa gazeti, kwa yeyote, sasa hivi, na picha ya M aichukue. Akakausha zile herufi kwa aproni. M akanipa. K akaiweka mfukoni.

"Sipigi. Jumapili una zamu ya kusema. Sema. Hii nabaki nayo, ni ushahidi."

Jumamosi, 18 Oktoba

Hotuba ina ukurasa mmoja sasa. Arlene nimemwambia yote. Akasema "mm," kisha akanishika shingo akanibusu kwenye upara.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisa limejaa mpaka ngazini. Mwandishi wa gazeti yuko safu ya nyuma. Mchungaji akanitambulisha kama "ndugu aliyesimama imara." Nilipanda na M chini ya koti.

Nikaiinua.

"Herufi hii imepatikana," nikasema, na watu wakashangilia, Gordon akapiga makofi kwa mikono yake ile mikubwa. "Imepatikana kwenye matufaha yangu. Kibao nilikigonga mimi. Kwa tela. Jumapili alfajiri, taa zimezimwa, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi siku ya Bwana na nilikuwa najificha ninyi msinione. Mungu sikumficha, maana kwake hakuna ukungu. Niliwaficha ninyi."

Makofi yalikufa moja moja. La mwisho lilikuwa la Mzee Postma, ambaye hasikii vizuri.

Nikaendelea. Nikasema: ninaamini kuhusu ndoa kile nilichoamini mwezi uliopita, na mtu akiniuliza nitamwambia usoni. Lakini hatukuteswa. Tulichekwa, ndiyo, na kuchekwa si kuteswa. Ingekuwa hivyo mimi ningekuwa mtakatifu tangu darasa la nane. Nikasema kuna watu walitafuniwa mkate kwa ajili ya imani hii, na mmoja wa watoto wao amekaa safu ya tano, na tumechukua jina lao tukalivika kibao. Nikasema amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani ana jina, anaitwa Leanne Hoeksema, na nilipokuwa na neno moja la kumwokoa nilitafuna peremende.

Kisha nikaiweka M juu ya mimbari. Pale safu ya tano, Mama Halyna akavunja peremende kwa meno yake ya bandia. Ka! Kama risasi.

Gordon akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga. "Umetuvua nguo mbele ya gazeti," akasema, sauti imepasuka, akatoka nje na kofia yake mkononi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wazee wamekaa saa mbili. Nimesimamishwa ushemasi mpaka mwaka mpya, kwa uongo na kwa Jumapili. Ni haki. Herufi pia wameninyang'anya, hilo limeniuma kuliko lote. Ila kwanza nijenge nguzo mpya kwa gharama yangu, na maneno ya kwanza nipange mimi, haya: KIBAO NILIKIGONGA MIMI. LEANNE TUSAMEHE. WENDELL. Mchungaji ndiye aliyeongeza hayo ya kati, akajikwaa akiyasema, nikampenda kijana yule.

Ijumaa, 24 Oktoba

Maneno yamepanda. K zilizobaki ni tatu, nimetumia mbili. Madereva wanapiga honi. Nawapungia mkono. Hata kwenye fedheha mtu aonyeshe adabu! Na matela sita ya kanisa yalikuwa foleni kinuni leo. La Gordon halikuwepo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Harusi ya Leanne. Usiku kucha ilinyesha, njia ya kutoka nyumbani kwa Leanne hadi kinuni ni ziwa. Saa nne Paige akanipigia simu mwenyewe, mara ya kwanza maishani.

"Mjomba Wendell, viatu vyake ni vyeupe na tope linafika magotini. Sikuombi ubariki kitu. Naomba trekta."

Daftari, nilisafisha lile tela mpaka likaona aibu! Nikaweka marobota ya majani makavu, blanketi la Arlene juu. Nikampandisha binti wa Pete, gauni lote, nikamwendesha polepole kama nimebeba mayai. Mlangoni pa kinu nikasimamisha. Nikamshika mkono akashuka. Sikuingia. Yeye anajua kwa nini, nami najua anajua.

"Utatoka vipi hapa?" akaniuliza. "Hakuna pa kugeuzia."

"Kinyumenyume."

"Mungu atusaidie," akasema, akapaza sauti ndani, "Paige! Waambie watu waondoe magari!"

Nilikaa nje kwenye trekta mpaka waliposhangilia. Nikamwambia Pete mambo mawili matatu. Kisha nikarudi nyuma, mita mia moja na themanini, bila kugusa hata jani.

Jumatano, 5 Novemba

Theluji ya kwanza. Mavuno yamekwisha: makreti mia nne na tisa, rekodi!

Kibao kimepewa Gordon sasa. Alitaka kuandika KARIBUNI KWENYE SHUKRANI NA KAHAWA. Akapungukiwa K moja. Nilimwambia iko wapi. Akasema atanunua nyingine. Nikamwambia mtindo ule kiwanda kiliacha kutengeneza zamani. Akakung'uta theluji kwenye kofia, kisha akapanda pikapu akaelekea upande wa kinu. Alikaa huko saa moja na robo, nilipima.

Amerudi na herufi, na galoni tatu za juisi kwenye kiti cha mbele, amezifunga mkanda. Nikamshikia ngazi akapanda. Nami, Wendell Buursma, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikusema kitu.